Ngome za Outlander kwa siku moja kutoka Edinburgh: kwa nini kamera huenda Doune na kuiacha Stirling?

#1 Pwani_Kwetu
Wakuu, habari. Kuna familia ya watu wanne, mmoja wao mtoto wa miaka 4, inatua Edinburgh katikati ya Oktoba. Wana siku moja tu ya kuzungukia ngome zilizoigiziwa Outlander, tamthilia ya televisheni ya Uskoti ya karne ya 18. Ziara za kikundi zinazouzwa mjini karibu zote zina njia moja: Midhope, Blackness, Linlithgow, Doune, halafu mjini jioni. Nauliza mawili. Wapande basi la kikundi au wakodi gari? La pili ndilo linalonisumbua zaidi: Stirling iko kilomita 13 hivi kutoka Doune, ni kubwa mara kadhaa, wafalme wa Uskoti wameishi humo, na bado watu wa filamu wanaipita wanakwenda Doune. Dai langu ni kwamba sababu ni bei, basi. Wajuvi karibuni.

#2 Usukani
Nianze na usafiri. Huyo mtoto ndiye ataamua. Kampuni nyingi zinazotumia mabasi madogo ya abiria 16 hazichukui mtoto chini ya miaka 5, na hilo limeandikwa chini kabisa kwenye masharti, pale ambapo watu hawasomi. Pia nauli ya ziara mara nyingi inalipia usafiri na mwongozaji tu. Tiketi za kuingia kwenye ngome zinalipwa kando, kwa hiyo ukilinganisha na gari la kukodi jumlisha zote.

Kuhusu gari: Uskoti wanaendesha kushoto kama kwetu, na leseni halali ya Tanzania au Kenya inamruhusu mgeni kuendesha kwa miezi 12. Wenye magari wana masharti yao ya ziada, hasa umri wa dereva na muda aliokaa na leseni. Kiti cha mtoto ni lazima kisheria mpaka afikishe miaka 12 au urefu wa sentimita 135, kinachotangulia kati ya hivyo. Kiagizwe pamoja na gari, msingoje kukiulizia kaunta. Na dereva asiguse glasi mchana: Uskoti kikomo ni miligramu 50 za pombe kwa mililita 100 za damu tangu Desemba 2014, wakati England bado ni 80.

#3 Kijiwe_Chetu
Naweka kambi hapa. Usukani umeanza vizuri.

#4 Mawe_Yanasema
Mleta mada, bei haiwezi kuwa jibu lote. Angalia jengo lenyewe. Doune ilijengwa mwishoni mwa karne ya 14 na Robert Stewart, Duke wa Albany, mtu aliyeitawala Uskoti kwa niaba ya wafalme kwa miaka mingi mpaka alipofariki 1420. Mwanawe Murdoch alikatwa kichwa 1425 na ngome ikaenda kwa mfalme. Baada ya hapo hakuna aliyeipanua. Mpango wa Albany wa kuongeza majengo upande wa kusini ulikufa naye: mpaka leo ukisimama uani unaona madirisha makubwa kwenye ukuta wa kusini ambayo nyuma yake hakuna chumba. Kwa hiyo ukiingia unaona enzi moja.

Stirling ni tabaka juu ya tabaka. Ukumbi mkuu ni wa James IV, ulikamilika 1503. Jumba la kifalme lenye sanamu kwenye kuta ni la James V. Kisha kuna ngome za mizinga za karne ya 18 na mabadiliko ya jeshi, maana wanajeshi walikaa humo mpaka 1964. Na ule ukumbi tangu 1999 umepakwa chokaa ya rangi ya dhahabu, unaonekana kutoka mbali sana. Kamera ikigeuka kidogo tu, umeshatoka kwenye enzi ya hadithi yako.

#5 Lenzi_Pana
Naongeza ya mwanga. Upande wa mbele wa Doune, wenye lango na mnara, unatazama kaskazini. Jua haliupigi moja kwa moja kwa sehemu kubwa ya mwaka. Kwa mtalii hilo ni tatizo: Oktoba jua liko chini kusini, ukipiga picha ya mbele anga linakuwa jeupe na mnara unakuwa mweusi. Kwa mpiga filamu ni neema, kwa sababu ukuta una mwanga uleule asubuhi hadi jioni. Unaweza kurudia tukio mara kumi bila vivuli kuhama.

Dawa kwa wenye simu: gusa mnara kwenye kioo ili kamera ipime mwanga pale na si angani, au ngoja wingu, ambalo huko halichelewi. Na drone muiache nyumbani. Maeneo yote ya Historic Environment Scotland, taasisi ya serikali inayotunza majengo ya kale, hayaruhusu kurusha bila kibali.

#6 Mwana_Lokesheni
Wote hapo juu mmesahau kalenda ya pesa. Nafuu ya kodi kwa tamthilia za gharama kubwa ilianza Uingereza tarehe 1 Aprili 2013, kwa kazi zinazotumia angalau pauni milioni 1 kwa kila saa ya kipindi. Outlander ilianza kupigwa mwaka huohuo na ikaonyeshwa kuanzia Agosti 2014. Walichukua kiwanda cha zamani pale Cumbernauld wakakigeuza studio. Ukishakuwa na studio, lokesheni zako, yaani mahali pa kupigia picha nje ya studio, zinapimwa kwa dakika za kusafirisha watu na malori. Doune iko kama kilomita 35 kutoka pale. Hayo ndiyo maelezo.

#7 Pwani_Kwetu
Kwa hiyo tumerudi kwenye pesa, kama nilivyosema.

#8 Mawe_Yanasema
@Mwana_Lokesheni fungua ramani. Ukitoka Cumbernauld kwenda Doune unapita pembeni ya Stirling. Stirling iko karibu zaidi na studio kuliko Doune. Hoja ya ukaribu inaeleza kwa nini hawakwenda Inverness. Kwa nini waliipita Stirling haigusi.

#9 Mwana_Lokesheni
Imekubalika kwa kilomita. Lakini gharama ya lokesheni haiishii kwenye mafuta. Stirling inapokea wageni laki kadhaa kwa mwaka. Kuifunga wiki moja ni kulipa tiketi zote ambazo zingeuzwa wiki hiyo, mgahawa, duka, harusi zilizokwisha kuwekewa nafasi. Doune ina duka dogo na maegesho madogo. Unaifunga, unafunika changarawe na mabango, unaleta farasi, na kijiji kinaendelea na maisha.

#10 Bibi_wa_Leoch
Wapendwa, mnasahau kwamba Doune ilikuwa maarufu kabla ya Outlander. Mwaka 1974 Monty Python, kundi la wachekeshaji wa Uingereza, walipiga hapo filamu yao ya Holy Grail iliyotoka 1975. Walikuwa wamepanga ngome kadhaa, wakanyimwa ruhusa siku za mwisho, zikabaki zile za watu binafsi. Doune wakati huo ilikuwa ya Earl wa Moray, ikaingia mikononi mwa serikali 1984 tu. Ndiyo sababu kwenye filamu ile karibu kila ngome unayoiona ni Doune, imepigwa pembe tofauti. Baadaye HBO, televisheni ya Marekani, wakapiga hapo sehemu za kipindi cha majaribio cha Game of Thrones mwaka 2009. Watu wa lokesheni wana kumbukumbu na mafaili. Mahali palipofanya kazi vizuri mara moja hupigiwa simu tena. Kwangu mimi hilo ndilo jibu: mazoea.

#11 Mawe_Yanasema
Kisa cha umiliki kinaeleza 1974, na kinaeleza vizuri. Hakielezi 2013. Wakati huo Doune na Stirling zote zilikuwa chini ya mamlaka moja ya serikali, Historic Scotland, ambayo 2015 iliunganishwa na kuwa Historic Environment Scotland. Mlango wa kubisha ulikuwa mmoja.

#12 Fundi_Chokaa
Naomba nimrekebishe Mawe_Yanasema kwenye #4. Doune haikubaki kama Albany alivyoiacha. Kufikia karne ya 19 ilikuwa gofu lisilo na paa. Earl wa Moray aliikarabati 1883 hadi 1886: paa za mbao za kumbi zote ni za wakati huo, na mbao zilizoremba ukumbi wa bwana ni za wakati huo pia. Hiyo ndiyo sababu kubwa kwangu. Ngome nyingi za umri ule Uskoti hazina paa. Unapata kuta nzuri, lakini ndani mvua inanyesha juu ya mitambo. Doune ina ukumbi mkuu wa mita 20 kwa 8, kimo mita 12 mpaka paani, mkavu, na hauna nyaya wala mabomba ukutani.

#13 Mawe_Yanasema
Sahihi kabisa, ahsante fundi. Niliongelea ramani ya jengo, si paa.

#14 Wa_Nyali
Swali la mgeni. Je, mtu akiingia Doune ataona ukumbi wa Leoch, ile ngome ya Outlander ambayo Doune inaiigiza, na jiko kama kwenye televisheni? Maana nasikia wengi hutoka wakilalamika kwamba ni padogo.

#15 Bibi_wa_Leoch
Ya nje ndiyo Doune halisi: lango, ua, kuta. Ya ndani mengi yalijengwa studio Cumbernauld. Jiko la Doune lilichukuliwa kama kielelezo, likajengwa upya kule. Lakini usilipite jiko lenyewe, tao la meko lina upana wa mita 5.5, ng'ombe mzima anaingia. Mlangoni chukua kifaa cha kusikiliza. Sauti kuu ni ya Terry Jones wa Monty Python, na Sam Heughan ameongeza sehemu za Outlander. Ukisikiliza yote ni kama saa moja, na hapo ndipo ziara za kikundi zinapobana: saa moja ikijumlisha choo na duka haitoshi.

#16 Lenzi_Pana
Kuhusu udogo: lenzi pana ikiwekwa chini, karibu na ardhi, inasukuma kuta nyuma na kurefusha minara. Ua unaonekana uwanja. Halafu ongeza watu mia, farasi, mikokoteni na moshi. Jicho linapima ukubwa wa mahali kwa idadi ya watu waliomo. Ukija Jumanne asubuhi ua ukiwa mtupu, hakuna cha kupimia, unaona pamepungua.

#17 Mwana_Lokesheni
Hapana, udogo unatokana na kuunganisha. Mhusika anaingia lango la Doune, mlango unafungwa, anatokea kwenye korido ya studio, dirisha linaonyesha mahali pa tatu. Kichwani mwako hayo yote ni jengo moja. Gereza la Wentworth ni mfano safi: nje ni Bamburgh, ambayo iko Northumberland huko England, ndani ni korido za Linlithgow. Umbali kati yake ni zaidi ya kilomita 100. Hakuna ngome duniani itakayolingana na jengo lililoshonwa hivyo.

#18 Fundi_Chokaa
Nyote mna sehemu ya ukweli, lakini mnara wa Doune si mdogo. Una karibu mita 29 kwenda juu, na ukuta wa kuzunguka ni mita 12 kwa unene wa mita 2 hivi. Kinachoufanya uonekane mdogo ni mahali unaposimama. Unafika kwa njia inayoelekea moja kwa moja langoni, unaingia chini ya mnara kwenye njia nyembamba ya mawe yenye urefu wa mita 14, hujapata nafasi ya kurudi nyuma na kuutazama. Zungukeni nje kwanza, mshuke upande wa mto Teith, ndipo mwingie.

#19 Wa_Nyali
Nimeelewa. Na Blackness ndiyo Wentworth nyingine?

#20 Bibi_wa_Leoch
Siyo. Blackness ni Fort William, pale Jamie, shujaa wa tamthilia, alipochapwa mijeledi na Black Jack Randall, afisa wa jeshi la Waingereza. Fort William ya kweli iko mbali, magharibi, na sehemu kubwa yake ilibomolewa kupisha reli mwishoni mwa karne ya 19, kwa hiyo ilibidi ipatikane mbadala.

#21 Mawe_Yanasema
Blackness inastahili zaidi ya hizo dakika 40 wanazopewa watu. Ilijengwa miaka ya 1440 na ukoo wa Crichton, ikawa gereza la wakubwa. Miaka ya 1530 James Hamilton wa Finnart aliigeuza ngome ya mizinga, kuta zikanenepeshwa mpaka mita 5.5 upande wa nchi kavu. Umbo lake ni la meli iliyokwama ufukweni, na wenyeji wanaita minara yake kwa majina ya meli: wa mbele baharini ni omo, wa kati ni mlingoti, wa nyuma ni tezi. Ngazi za kwenda juu ya kuta zipo, na huko juu ndipo mtu anaelewa kwa nini Cromwell, jenerali wa England, ilibidi aishambulie 1650 ili apite.

#22 Usukani
Ushauri wa miguu kwa Blackness: sakafu ya ua ni mwamba wenyewe, haujasawazishwa. Umeinama, una mabonde, na ukilowa unateleza kama sabuni. Viatu vya soli laini hapana. Kigari cha mtoto hakifai, mbebeni mgongoni. Kuta za juu zina upepo wa mkono wa bahari wa Forth. Oktoba kofia ya kufunga, mwavuli hausaidii.

Doune pia ngazi ni za kuzunguka, nyembamba, vidato havilingani, na mshikio ni kamba au hakuna. Mwenye goti bovu aridhike na ua na vyumba vya chini.

#23 Tiketi_Mkononi
Kwa watu wanne wanunue Explorer Pass, inaingiza Doune, Blackness, Linlithgow na Stirling. Midhope na Culross pia.

#24 Usukani
Mkuu, hizo mbili za mwisho hapana. Pasi hiyo ni ya maeneo ya Historic Environment Scotland. Culross iko chini ya National Trust for Scotland, chombo kingine kabisa. Midhope ni mali binafsi ndani ya shamba la Hopetoun.

#25 Tiketi_Mkononi
Nimerekebishika. Basi pasi ina maana tu kama wataongeza Edinburgh Castle au Stirling siku nyingine. Kwa siku moja ya ngome tatu, wapige hesabu ya tiketi mojamoja kwanza.

#26 Bibi_wa_Leoch
Kuhusu Midhope niseme wazi ili mtu asije akavunjika moyo. Hiyo ndiyo Lallybroch, nyumba ya Jamie, na kila mtu anataka picha kwenye lile tao la lango. Ni mnara wa makazi wa karne ya 16, nje umesimama vizuri, ndani umeoza. Hakuna anayeingia ndani. Unatazama kwa nje, unapiga picha, unaondoka, nusu saa inatosha. Ni shamba linalofanya kazi, kuna siku wanafunga kwa shughuli zao. Mwenye gari lake akate kibali mtandaoni kabla, asifike getini mikono mitupu. Na waende choo Blackness au Linlithgow kabla ya kufika pale.

#27 Pwani_Kwetu
Shukrani. Sasa mpangilio. Basi za kikundi zinaanza na Midhope kwa sababu iko karibu na mji. Mwenye gari afuate hivyohivyo?

#28 Usukani
Ageuze. Na hapa Oktoba inabadilisha kila kitu. Ukisoma kwamba Doune inafunga saa 11 na nusu jioni, hayo ni ya Aprili hadi Septemba. Kuanzia Oktoba 1 inafunguliwa saa 4 asubuhi na kufungwa saa 10 jioni, na mlango wa kuingia unasitishwa mapema kidogo. Ziara inayoanzia Midhope ikichelewa mahali popote, inafika Doune wakati wafanyakazi wanakusanya vifaa vya kusikilizia. Doune ndiyo kubwa, usiiweke mwisho.

Hivi: toka Edinburgh saa 2 na dakika 40 asubuhi kwa barabara kuu ya M9, toka kwenye makutano namba 10, ingia barabara ya A84. Ni kama kilomita 70. Unafika kabla ya mlango kufunguliwa, unapata maegesho, unazunguka nje kama Fundi alivyosema. Ndani saa 4 mpaka 5 na nusu. Rudi M9 mpaka Linlithgow, dakika 40. Kula pale mtaani, kisha kasri. Saa 8 uwe barabarani kwenda Blackness, kilomita 7 tu. Saa 9 na robo Midhope, nusu saa ya picha mwanga ukiwa bado upo. Mjini saa 10 na nusu. Midhope na Blackness zipo njiani kurudi, hupotezi mafuta.

Wakija baada ya Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zinarudishwa nyuma, jua linazama kabla ya saa 11 jioni. Desemba jua linazama saa 9 na dakika 40 alasiri, hapo ngome nne ni kujidanganya, chagua mbili.

#29 Kijiwe_Chetu
Usukani na basi la kikundi kwa nini hawageuzi, kama ni rahisi hivyo?

#30 Usukani
Wengine wanageuza. Wengi wanabanwa na nafasi: makampuni yote yakitaka Doune saa 4, yale maegesho hayatoshi. Pia abiria anayelipa anataka aone kitu ndani ya nusu saa ya kwanza, na Midhope inampa. Halafu kuna sheria ya dereva: akishaendesha saa 4 na nusu kwa jumla lazima apate mapumziko ya dakika 45. Ratiba zinazoongeza Culross na Falkland zinakaribia huko, ndiyo maana kile kituo cha chakula hakipunguzwi hata mkiwa mmechelewa. Mwongozaji hana ukaidi, anatii sheria.

#31 Wa_Nyali
Asiyeendesha na hataki basi la kikundi?

#32 Tiketi_Mkononi
Treni kutoka Edinburgh Waverley mpaka Linlithgow ni dakika 20 hivi, kasri ni mwendo wa miguu usiozidi dakika 10. Panda treni nyingine mpaka Stirling, halafu basi la Callander linalopita Doune. Stesheni ya Doune ilifungwa 1965, usidanganywe na ramani za zamani. Blackness kutoka Linlithgow ni teksi. Midhope sahau. Kabla ya kutoka angalia muda wa basi la mwisho kurudi Stirling, maana Jumapili ni machache.

#33 Mawe_Yanasema
Msiifanye Linlithgow kituo cha chakula tu. James V alizaliwa humo 1512 na binti yake Mary, Malkia wa Uskoti, tarehe 8 Desemba 1542. Siku 6 baadaye baba akafa na mtoto akawa malkia. Chemchemi ya uani ni ya 1538. Paa halipo kwa sababu iliungua 1746 wanajeshi wa serikali chini ya Duke wa Cumberland walipopita, vita vilevile ambavyo Outlander inavizungumzia. Kwa mpenzi wa tamthilia hiyo, huo ni ushahidi halisi wa 1746 na si mandhari ya kamera.

Na Doune vilevile. Januari 1746, baada ya mapigano ya Falkirk, wafuasi wa Stuart, yaani waliotaka ukoo huo urudi kwenye kiti cha ufalme, walifungia mateka humo. Mmoja wa mateka, John Home, na wenzake walitoroka kwa kufunga mashuka pamoja. John Witherspoon, aliyekuja kutia saini Azimio la Uhuru la Marekani 1776, alikuwa kati ya waliofungwa. Sijui kwa nini waongozaji wengi wanatumia muda kwenye mavazi ya waigizaji na kuacha hili.

#34 Fundi_Chokaa
Tahadhari moja kabla hawajakata tiketi. Tangu 2021 Historic Environment Scotland wanakagua mawe ya juu ya majengo yao kwa mkono, jiwe kwa jiwe, na sehemu fulani hufungwa au kuwekewa uzio kwa miezi. Linlithgow ni moja ya zilizoguswa. Waangalie tovuti wiki ile ile ya safari.

Sababu ni maji. Ngome hizi ni jiwe la mchanga na chokaa. Chokaa ni laini, inapumua, unyevu unatoka kupitia viungio. Karne ya 20 wengi walijaza viungio kwa saruji. Saruji ni ngumu kuliko jiwe lenyewe, inafungia maji ndani, yanaganda majira ya baridi, uso wa jiwe unabanduka, saruji inabaki imesimama peke yake kama fremu. Mvua zikizidi, kasi inaongezeka.

#35 Pwani_Kwetu
Fundi, hilo ni lilelile la Mji Mkongwe Unguja. Mawe ya matumbawe na chokaa, mtu anapiga lipu ya saruji, miaka michache ukuta unavimba.

#36 Fundi_Chokaa
Ndilo hasa, tofauti ni kwamba kule hakuna barafu, kuna chumvi. Maji yenye chumvi yanapanda ukutani, yanakosa pa kutokea, chumvi inajenga fuwele nyuma ya saruji na kuisukuma. Dawa ni ileile: toa saruji taratibu kwa patasi na nyundo ndogo, si kwa mashine, rudisha chokaa kwa tabaka nyembamba, na kila tabaka liwekwe na unyevu likauke polepole. Ukikausha haraka linapasuka.

#37 Kijiwe_Chetu
Uzi umehama kutoka Leoch mpaka Shangani. Endeleeni tu.

#38 Tiketi_Mkononi
Kwa kuwa tumeshahama: kama wana siku ya pili, Blantyre karibu na Glasgow kuna makumbusho pale alipozaliwa David Livingstone. Kwa mtu wa kwetu aliyesoma habari za Ujiji na Susi na Chuma, panafaa.

#39 Usukani
Siku ya pili sawa. Wasiibandike kwenye hii, iko kusini-mashariki ya Glasgow, nje kabisa ya njia.

#40 Mwana_Lokesheni
Narudi kwenye swali la pili, maana halijafa. Hakuna aliyetaja sauti. Linlithgow M9 inapita upande wa pili wa ziwa, mngurumo unasikika uani. Blackness na Midhope haziko mbali na uwanja wa ndege wa Edinburgh. Stirling iko juu ya mji wenye honi, ving'ora na magari ya takataka. Doune ina mto pande mbili na miti. Mazungumzo yaliyopigwa nje yakiharibika, waigizaji wanaitwa studio kurekodi upya sentensi kwa sentensi. Na ukigeuza kamera Stirling unapata paa za nyumba na mnara wa ukumbusho wa Wallace, shujaa wa Uskoti, wa 1869. Doune unapata malisho.

#41 Lenzi_Pana
Hapo umenigusa. Ila Blackness ukigeuka mashariki unayaona madaraja ya Forth, la reli la 1890 na yale ya magari, na bado walipiga. Wakitaka mahali wanafuta kwa kompyuta.

#42 Mwana_Lokesheni
Picha unafuta. Ndege inayopita katikati ya neno huifuti kirahisi.

#43 Bibi_wa_Leoch
Na Stirling imewahi kupigwa filamu, msiseme haijawahi. Tunes of Glory ya 1960 ilionyesha nje yake. Lakini hiyo ilikuwa hadithi ya kikosi cha jeshi, na jeshi lilikuwa humo kweli. Labda swali lenyewe ni hadithi inataka nini. Leoch ni makao ya mkuu wa ukoo mwaka 1743. Stirling mwaka huo ilikuwa kambi ya serikali. Mtazamaji Mskoti angeitambua sekunde ya kwanza.

#44 Pwani_Kwetu
Mtazamaji Mskoti anaitambua Doune pia, Bibi. Kila mtoto wa shule ameipita.

#45 Mawe_Yanasema
Anaitambua kama jengo. Stirling anaitambua kama taifa: mfalme Bruce, Wallace, wafalme James wote. Huwezi kuibandika jina la kubuni.

#46 Fundi_Chokaa
Paa, wakuu. Nasisitiza paa.

#47 Pwani_Kwetu
Sawa, bei imepata wapinzani wa kutosha, ila sijaitupa. Familia imechagua gari, Doune kwanza. Usukani, Linlithgow gari linaachwa wapi?

#48 Usukani
Maegesho ya mjini yana kikomo cha saa, msome bango kabla ya kuondoka kwenye gari. Kutoka barabara kuu mpaka kasri ni mwinuko mfupi wa kupanda kwa miguu, kupitia lango la zamani lenye ngao nne juu yake. Mtoto ataweza. Kiti cha mtoto kimeshaagizwa?

#49 Pwani_Kwetu
Kinaagizwa leo.